Maisha ya Bibi Florence Nightingale na Daftari Lake

Wanachama na wazee wetu wengi wamelisikia jina la Bibi Florence Nightingale, yule aliyezunguka na taa usiku akiwatazama askari wagonjwa. Habari ya taa ni ya kweli. Hapa twapenda kueleza habari ya daftari lake, ambayo haijulikani sana, nayo ina faida kubwa kwa chama kama chetu.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, nchi ya Italia, ambako wazazi wake, Waingereza wenye mali, walikuwa safarini. Ndiyo sababu akaitwa kwa jina la mji huo. Baba yake alimsomesha nyumbani, naye akapenda sana hesabu. Alipotaka kuwa mwuguzi, jamaa zake walimzuia kwa miaka mingi, kwani siku zile kazi hiyo ilidharauliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1851 alijifunza uuguzi huko Kaiserswerth, Ujerumani, na mwaka 1853 akapewa kusimamia hospitali ndogo ya wanawake mjini London.

Mwaka 1854 Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika nchi ya Crimea. Magazeti yalipotangaza taabu za majeruhi, Serikali ilimtuma Bibi Nightingale pamoja na wanawake 38. Mwezi wa Novemba wakafika katika hospitali ya jeshi huko Scutari, ng'ambo ya mji ambao leo huitwa Istanbul. Waliwakuta wagonjwa wamelala sakafuni, nguo zao zimejaa chawa, na chakula hakifai. Bibi akanunua vifaa, akatengeneza jiko na mahali pa kufulia, akapanga kazi za wauguzi.

Hata hivyo watu walizidi kufa. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 42. Jengo lile lilisimama juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba, na upendo wa wauguzi haukuweza kuizibua. Mwezi wa Machi walifika wakaguzi wa afya kutoka Uingereza. Wakasafisha mifereji, wakaondoa mizoga, wakapaka kuta chokaa. Ilipofika Juni, waliokufa walikuwa kama 2 tu katika 100.

Vita vilikwisha mwaka 1856, naye akarudi kwao akiwa na sifa kuu. Angaliweza kuzikalia sifa hizo akanyamaza. Badala yake alikaa na Bwana William Farr, mjuzi wa takwimu, wakazichambua kumbukumbu za vifo. Hesabu ikaonyesha kwamba maradhi yaliwaua askari wengi kuliko risasi, na kwamba katika majira yale ya baridi hospitali yake mwenyewe ilikuwa mahali pa hatari kuliko nyingi nyingine. Jambo hilo lilimchoma moyo, lakini hakulificha, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 1858 alipiga chapa taarifa ndefu kwa gharama yake mwenyewe, akatia na michoro ya rangi, ili wakubwa wasiopenda tarakimu waone kwa macho.

Afya yake ilikuwa imevunjika, na kazi nyingi aliifanya akiwa kitandani. Juu ya hayo, makao ya askari yalitengenezwa yapate hewa na maji safi. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Na mwaka huo huo alishauri hospitali zote ziandike wagonjwa, maradhi na vifo kwa utaratibu mmoja, zipate kulinganishwa. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maisha ya Bibi huyu yatufundisha kwamba hata roho za watu hupotea hivyo. Kwa hiyo, enyi wanachama, kamati izuruapo wagonjwa, wazee na yatima, na iandike waliosaidiwa na waliokosa msaada pia. Na taarifa ya mwaka isomwapo, tusizipigie makofi hesabu nzuri tu. Tuulize zile mbaya, kwa adabu, kisha tuzibue mfereji.