Mas Oyama: Mkorea aliyewafunza Wajapani kupigana kweli

KAMA umewahi kuona watu wawili wa karate wakitwangana vifuani bila glavu wala kinga mpaka mmoja akae chini, basi umeiona kazi ya Masutatsu Oyama. Dunia inamjua kama gwiji wa Kijapani. Kumbe jamaa hakuzaliwa Japani, na jina hilo hakupewa na baba yake.

Jina la kuzaliwa ni Choi Yeong-eui. Alizaliwa mwaka 1923 Gimje, kusini mwa Korea, wakati nchi hiyo ikiwa koloni la Japani. Utotoni aliishi Manchuria kwenye shamba la dada yake, na huko kibarua mmoja akamfundisha ngumi na mateke ya Kichina. Mwaka 1938 akavuka kwenda Japani. Hakufuata karate, alitaka kuwa rubani.

Urubani uligonga mwamba. Kilichobaki ni karate, aliyojifunza kwenye dojo ya Gichin Funakoshi, mzee aliyeitoa Okinawa na kuitangaza Tokyo.

Vita ilipoisha 1945, Korea ikawa huru lakini Wakorea kama laki sita wakabaki Japani. Maisha yao hayakuwa ya mchezo. Walibaguliwa kwenye kazi na nyumba, na mwaka 1952 wakavuliwa uraia wa Japani, wakawa wageni katika mitaa waliyokulia. Wengi walijificha nyuma ya majina ya Kijapani. Hata Rikidozan, mwanamieleka aliyewajaza Wajapani mbele ya televisheni, alikuwa Mkorea aliyeficha kwao.

Choi naye akawa Oyama. Ila hapa kuna ujanja mtamu. Herufi za jina lake la kwanza, Masutatsu, ukizisoma Kikorea zinatamkwa Baedal, jina la kale la Korea yenyewe. Wajapani walimshangilia wakitaja nchi yake bila kujua.

Katika kipindi hicho kigumu alimpata So Nei Chu, Mkorea mwenzake kutoka jimbo lilelile, mwalimu wa mtindo wa Goju. Huyo ndiye aliyemsukuma aende mlimani kujinoa. Akapanda Mlima Minobu na mwanafunzi mmoja. Inasimuliwa kuwa mwanafunzi alichoka upweke, usiku mmoja akatoroka. Oyama akanyoa nyusi moja ili aone aibu kushuka mjini na sura ile.

Alipoteremka akaanza vituko vya kupambana na ng'ombe dume kwa mikono mitupu. Hesabu inayotajwa ni 52, watatu wakifa papo hapo. Wapo waliokuwa karibu naye ambao baadaye walisema hadithi hiyo imetiwa chumvi, na kusema ukweli namba hiyo inanukia kijiwe. Lakini filamu ipo, na pembe zilivunjika.

Mwaka 1952 akazunguka Marekani akivunja mbao na mawe mbele ya mashabiki wa mieleka. Mwaka uliofuata akafungua dojo yake Tokyo.

Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na karate ya kusimamisha ngumi kabla haijagusa mwili. Kwa shabiki wa soka, ni kama refa anahesabu bao kwa shuti lililoelekea golini tu. Oyama alitaka mpira uingie wavuni. Mtindo wake, Kyokushin, ulioanzishwa rasmi 1964, unaruhusu kupiga kwa nguvu zote, isipokuwa ngumi za usoni. Mwaka huohuo vijana wake watatu walikwenda Bangkok kucheza na mabondia wa Thailand, tena ugenini. Wakashinda wawili.

Mwaka 1968 akapata uraia wa Japani. Miaka saba baadaye akaandaa mashindano ya kwanza ya dunia mjini Tokyo, bingwa akawa Mjapani, Katsuaki Sato. Kipindi hicho katuni na filamu za Sonny Chiba, aliyekuwa mwanafunzi wake, zilimfanya shujaa wa watoto wa Kijapani. Ukorea wake haukupewa nafasi humo. Hiyo ndiyo bei aliyolipa, na si ndogo.

Alifariki Aprili 26, 1994, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 70. Mrithi aliyetajwa ni Shokei Matsui, bingwa wa dunia wa 1987 na mmoja wa wachache waliomaliza mapambano 100 mfululizo. Matsui naye ni mtoto wa jamii ya Wakorea wa Japani. Wakongwe na familia ya marehemu wakamkataa, kesi zikafika mahakamani, chama kikapasuka vipande ambavyo havijaungana hadi leo. Kila kundi hutundika picha ya mzee uleule ukutani.

Upande wa Matsui, taji la dunia lilitoka mikononi mwa Wajapani mwaka 1999, likabebwa na Mbrazili Francisco Filho. Na mwaka 2004 Wakorea Kusini wakatoa filamu yao kuhusu maisha ya Oyama. Humo hakuwa shujaa wa Japani tena. Alikuwa Choi Baedal.