James White: Nguvu Zilizorudi Njiani

Soma: Isaya 40:28–31, Wagalatia 6:9, Yakobo 2:17, 18.

Krismasi ikipita, makanisa mengi hupoa. Wageni wamerudi makwao, kwaya imepumzika, na hata kiongozi mwaminifu hujiuliza kama bado ana nguvu za kuanza mwaka mwingine. James White, mmoja wa waanzilishi wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, alipita katika hali hiyo, tena akiwa mgonjwa.

Alizaliwa 4 Agosti 1821 huko Palmyra, jimbo la Maine, Marekani. Alianza kama mwalimu wa shule, kisha akawa mhubiri wa marejeo ya Kristo. Mwaka 1846 alimwoa Ellen Harmon. Masomo ya kwanza ya Shule ya Sabato tuliyokuwa nayo aliyaandika yeye mwaka 1852, mengine akiwa safarini, wakati farasi wake akila majani kando ya njia. Alihariri magazeti, alisimamia nyumba ya uchapishaji, akasafiri na kuhubiri. Mei 1865 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu. Alilala kidogo na kubeba mengi.

Tarehe 16 Agosti mwaka huohuo alipatwa na kiharusi. Alikuwa na umri wa miaka 44. Alipelekwa Dansville, New York, penye kituo cha tiba ya maji. Waganga wa pale walishauri apumzike kabisa: asifanye kazi ya mikono, asisumbue akili, na ajiepushe na mambo ya dini yanayoamsha hisia. Miezi kama mitatu ilipita. Badala ya kupona, alizama katika huzuni na hofu. Mke wake akaona hatari iliyokuwapo: mtu aliyezoea kutumika, akinyimwa kazi na ibada, hubaki na ugonjwa wake tu wa kuufikiria.

Desemba walihamia Rochester, na waumini wakakusanyika kumwombea. Ilikuwa katika maombi hayo, tarehe 25 Desemba 1865, Ellen White alipopewa njozi. Ujumbe wake ulihusu kanisa zima: Waadventista wawe na kituo chao cha afya, ambako wagonjwa wangetunzwa bila kutengwa na imani. Kituo hicho kilifunguliwa Battle Creek tarehe 5 Septemba 1866. Ujumbe ulimhusu James pia. Imani yake ilipaswa kwenda pamoja na matendo. Autumie mwili na akili, kidogo kidogo, akimtumaini Mungu.

Hata hivyo hakuinuka kwa siku moja. Mwaka mzima wa 1866 alikwenda kwa kusuasua, na wengi wakakata tamaa juu yake. Tarehe 19 Desemba, siku 6 kabla ya Krismasi, mke wake alimpakia kwenye gari la farasi, theluji ikianguka, wakaelekea Wright, Michigan. Ndugu wa Battle Creek waliona kwamba anajitoa mhanga bure kwa ajili ya mtu asiyepona.

Kanisa la Wright lilikuwa na matatizo yake, nalo lilihitaji mchungaji. James akaanza kusimama tena mimbarani, na pamoja na mke wake wakawahudumia waumini. Walikaa huko majuma kama sita. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, na nguvu zake zikaendelea kurudi. Mgonjwa aliyekuwa akihudumiwa sasa alikuwa akiwahudumia wengine.

Mwaka 1867 walinunua shamba dogo huko Greenville. Wakati wa kukusanya majani makavu ya mifugo, James alitaka kuwaita majirani wamsaidie. Ellen aliwatangulia, akawaomba wakatae. Basi familia ikafanya yenyewe: Ellen na mwanawe Willie wakakusanya majani na kuyarusha juu ya gari, James akayapanga. Kisha Ellen akapanda juu ya lundo kuyakanyaga huku mume wake akimrushia. Majirani walishangaa, lakini James alizidi kupata nguvu.

Mwaka 1869 alirudi kuwa mwenyekiti wa Konferensi Kuu. Alifariki 6 Agosti 1881, siku 2 baada ya kutimiza miaka 60.

Kupumzika ni agizo la Mungu, na James aliugua kwa sababu alilipuuza. Lakini pumziko linalomtenga mtu na ndugu, na maombi, na kila huduma, halimponyi. Huenda unangoja moto wa imani uwake kwanza ndipo urudi kwenye kazi ya kanisa. James White alirudi angali dhaifu, na Mungu akamtia nguvu akiwa kazini.

Maswali ya kujadili:

1. Tofauti ya pumziko linaloponya na kujitenga kunakodhoofisha ni ipi?

2. Ni nani katika darasa lenu aliyeacha huduma kwa sababu ya ugonjwa au uchovu? Mnaweza kumpa kazi gani ndogo mwezi huu, na nani atakwenda naye?