Munganga Livingstone na Farasi Mugonjwa

Safari hii tunataka kuwaeleza maisha ya David Livingstone. Tunajua mutasema: huyu tumemusoma tangu shule ya musingi! Ni kweli. Lakini sisi hatutarudilia habari za maporomoko ya maji wala za Stanley. Hapa Kambove wengi wetu tumeona farasi katika picha tu, na maisha ya huyu munganga yanaeleza sababu.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 kule Blantyre, katika inchi ya Scotland. Wazazi walikuwa maskini, na alipokuwa na miaka 10 aliingia kazi katika kiwanda cha pamba. Muchana kazi, usiku masomo. Kisha akajifunza uganga katika muji wa Glasgow, na mwaka 1841 akafika Afrika ya Kusini kama mutumishi wa Injili. Mwaka 1844 simba alimuvunja mukono wa kushoto. Mukumbuke ule mukono.

Tangu 1847 alikaa Kolobeng, katika inchi inayoitwa leo Botswana. Huko munganga hakuchagua mugonjwa. Muwindaji mumoja, Gordon Cumming, alikuwa na farasi jike aliyeumwa na mbung'o, ndiyo ile nzi ya tsetse. Watu walijua: farasi ao ng'ombe akisha kuumwa nayo, basi, anakonda, nguvu zinaisha, anakufa. Hata vile Livingstone akajaribu. Alimupa aseniki, ambayo ni sumu, kidogo kidogo ndani ya shayiri, kila siku, karibu juma moja. Vipele vikamutoka mwilini kama vya ndui, ndipo akaacha dawa. Na tazama, farasi akapata nguvu! Manyoya yakawa laini, yakang'aa. Kila mutu angesema kazi imekwisha. Lakini hapana. Nyuma ya miezi, ugonjwa ukarudi. Livingstone akatengeneza tena shayiri na dawa, na yule farasi akakataa kabisa kuila. Akabaki ngozi na mifupa, akafa polepole.

Sisi tunamupenda kwa jambo alilofanya nyuma yake. Mwingine angeandika ule mwanzo muzuri tu, kisha anyamaze. Yeye mwaka 1858 alitoa habari yote katika gazeti la waganga wa Uingereza, kupata nguvu na kufa pia, kusudi wengine waendelee kujaribu. Na waliendelea. Mwaka 1895, kule Zululand, munganga wa jeshi David Bruce alikuwa amekwisha kuona ndani ya damu ya nyama wagonjwa kale kadudu kanakoleta ugonjwa, tripanosoma, kadogo hata jicho halikaoni. Mwaka 1905 waganga wawili wa Liverpool, Thomas na Breinl, walionyesha kwamba atoksili, dawa iliyotengenezwa na aseniki, inakaua. Ilikuwa dawa kali, iliharibu macho ya wagonjwa wengine. Lakini zilifuata dawa zingine za aseniki, na watu wengi wa Kongo wenye ugonjwa wa usingizi walipona kwa hizo.

Tuseme na kosa lake. Katika kitabu chake cha 1857 aliandika kwamba mbung'o haimudhuru mutu. Alikosea vibaya, maana ugonjwa wa usingizi unaletwa na nzi ile ile.

Yeye mwenyewe ilimupiga sana. Katika safari moja alipoteza ng'ombe 43. Wakati wa kwenda Luanda, mwaka 1853 na 1854, alipanda juu ya ng'ombe dume, na yule ng'ombe alikuwa na kichwa ngumu kweli. Kisha mwaka 1866 alileta karibu na muto Rovuma ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda. Alitaka kujua ni nyama gani anaweza kuishi na mbung'o. Lakini askari wake waliwabebesha muzigo kupita kipimo, wakawapiga mpaka vidonda. Nyama wakakufa. Je, ni mbung'o ao ni fimbo? Hakuweza kujua tena. Kwetu habari hii inauma kuliko ile ya farasi.

Toka pale alikwenda kwa miguu. Mwaka 1867 alifika kwa Kazembe, ngambo ya Luapula, na akasikia habari za shaba ya Katanga, lakini kwetu hakufika. Ile shaba wakati ule ilitoka juu ya vichwa na mabega ya watu, maana nyama wa kubeba hawakuishi katika pori hili. Gari la moshi lilifika Elisabethville mwaka 1910 tu.

Livingstone alikufa mwezi wa tano 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na ziwa Bangweulu, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao walikausha maiti, wakaibeba mabegani mpaka Bagamoyo. Walifika mwezi wa pili 1874. Kule London waganga waliijua kwa mufupa wa mukono wa kushoto, pale simba alipouvunja.