Denis Burkitt, daktari wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa taya za watoto

Mzazi wa Kibabi, katika eneo la Masisi, akiona taya la mtoto wake limevimba, anaweza kufikiri ni jino tu. Lakini iko kansa ya watoto inayoanza hivyo, na inaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Inaitwa kwa jina la daktari Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kuume. Hata hivyo alisomea upasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amuone mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Muda mfupi baadaye, mjini Jinja, aliona mwingine wa namna hiyo, mwenye uvimbe hata tumboni. Kisu hakikusaidia, watoto hao walikufa ndani ya miezi michache.

Burkitt alituma karatasi zenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili walipanda gari kuukuu, wakatembea wiki 10, kilomita karibu 16,000, hadi Afrika Kusini. Walikuta ugonjwa umeshika sehemu za chini zenye joto, mvua na malaria. Milimani ulikuwa adimu. Kwetu ni kama tofauti ya milima ya Masisi na misitu ya Walikale.

Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr waligundua virusi katika chembe zilizotoka Uganda kwa ndege hadi London.

Burkitt alijaribu dawa badala ya kisu. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na watoto wengine walipona kabisa. Lakini kwa wengine ulirudi kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako dawa ya mshipa haifiki vizuri. Kwa hiyo madaktari wa Kampala walianza kuchoma dawa mgongoni.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kufariki Uingereza tarehe 23 Machi 1993.

Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto akimaliza miaka miwili bila kuugua tena, kwa kawaida amepona. Ndiyo maana taya likivimba, mtoto apelekwe hospitali mapema, na dawa zimalizwe hata kama uvimbe umekwisha kuonekana.