Siti binti Saad na Suala la Ujira

Jirani yangu mmoja hapa Mugutha, msichana, hupiga fidla katika kikundi kinachotumbuiza harusini Thika na Ruiru. Wenzake wote ni wavulana. Shughuli ikiisha wao hupewa malipo, yeye hupewa nauli. Nilipodadisi, nikagundua kwamba tofauti hiyo imejengwa kwa vitenzi: wavulana hupiga, yeye husaidia. Kwa mwalimu wa isimu jambo hilo si geni, lakini lilinikera, nami nikamkumbuka Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka wa 1880, akaitwa Mtumwa. Visiwani humo utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku, kwa hivyo jina hilo halikuwa la mzaha. Babake alikuwa Mnyamwezi, mamake Mzigua. Binti huyo alitembeza vyungu, na yasemekana sauti yake ya kunadi ilisikika kabla hajaonekana. Mnamo 1911 alihamia mjini. Huko jina la Mtumwa likafifia, akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Sijui jina jingine katika historia yetu lililosafiri umbali mkubwa kiasi hicho.

Taarabu ya wakati huo ilikuwa milki ya wanaume. Sultani Barghash alikuwa amempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki, na nyimbo za jumbani ziliimbwa kwa Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka wa 1905, nayo ilikuwa ya wanaume. Mwanamke fukara wa shamba angeingilia wapi? Siti aliingilia kwenye Kiswahili. Akina Subeti bin Ambari, Mbaruku na Buda bin Mwendo wakampigia ala, na kundi zima likajulikana kwa jina la mwanamke.

Mwaka wa 1928 kampuni ya santuri iliwachukua hadi Bombay kurekodi. Kufikia 1931, sahani zao zipatazo 72,000 zilikuwa zimeuzwa. Wahasidi walimsimanga kwa ushamba na sura yake. Akawajibu kwa wimbo. Katika wimbo wa Kijiti alisimulia kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa: mshukiwa akatoroka, nao wanawake waliotoa ushahidi wakaadhibiwa. Hukumu ambayo mahakama haikuitoa ikaimbwa mitaani.

Wasidhani wasomaji kwamba hayo ni mambo ya kale. Mwaka wa 2018 Elizabeth Rowe, mpiga filimbi mkuu wa okestra ya Boston, Marekani, alikwenda mahakamani akidai kuwa analipwa kidogo kuliko mwanamume wa cheo kama chake katika okestra hiyo hiyo. Shauri likamalizwa kwa maafikiano mwaka uliofuata.

Siti alifariki Julai 1950, muda mfupi baada ya kumsimulia Shaaban Robert maisha yake. Nilimwazima jirani yangu wasifu huo. Aliurudisha baada ya siku tatu, akaniuliza jambo moja tu: Siti alipatana bei na nani kabla ya kupanda meli? Sikuwa na jibu. Jumamosi wana harusi Ruiru, naye ameniambia kwamba safari hii ataulizia kiasi kabla hajafungua mkoba wa fidla.