Bibi Rokeya wa Bengal

Katika hadithi za wanawake wa nchi za mbali nilizopata kuzisoma, iliyonikaa moyoni ni ya Rokeya Sakhawat Hossain. Alizaliwa Bengal mwaka 1880, katika nyumba ya Kiislamu ambamo binti hakuruhusiwa kusoma Kibengali wala Kiingereza. Kaka yake alimfundisha usiku, kwa siri.

Mwaka 1905 alitoa "Sultana's Dream", hadithi ya nchi ambamo wanaume wametawishwa majumbani, na wanawake hutawala kwa elimu na kutumia nguvu za jua. Nilicheka, kisha nikanyamaza: mtaani kwetu waliotawishwa walikuwa dada zetu.

Mumewe alipofariki mwaka 1909, Rokeya alifungua skuli ya wasichana wa Kiislamu, akaihamishia Calcutta mwaka 1911, na kuishughulikia hadi kufa kwake mwaka 1932. Mwenye binti na ampe hadithi hiyo aisome mchana, mlango wazi.