Carver hakubuni siagi ya njugu, alifanya kubwa zaidi

Tafuta jina la George Washington Carver kwenye simu yako sasa hivi. Haitachukua muda kabla hujakutana na mtu anayeapa kwamba huyu jamaa ndiye aliyebuni siagi ya njugu. Zii. Mkanada mmoja, Marcellus Edson, alikuwa ameshapata hataza ya kusaga njugu hivyo mwaka wa 1884, Carver akiwa bado anahangaika kutafuta shule. Kazi kubwa ya Carver ilikuwa kwenye mchanga na mizizi, na inatuhusu hadi huku Taita Taveta.

Alizaliwa utumwani karibu mwaka wa 1864, kijiji cha Diamond, jimbo la Missouri, Marekani. Tarehe yenyewe hakuwahi kuijua. Nani angeandika siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtumwa? Akiwa mchanga, genge la wezi wa watumwa lilimwiba pamoja na mamake. Yeye alipatikana, mamake hakuonekana tena. Akalelewa na Moses Carver na mkewe Susan, walewale waliokuwa wakimmiliki mamake.

Alikuwa mtoto wa kuuguauugua, hawezi kazi nzito za shamba, kwa hivyo siku zake zilipita jikoni na kwenye maua. Majirani wakimletea mmea unaonyauka, anautibu. Wakamwita daktari wa mimea. Shika hilo jina, tutalirudia.

Shule ilikuwa vita. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na wakaona ni Mweusi, wakamfungia mlango. Alirudi kufua nguo za watu na kulima hadi 1890, alipoingia chuo cha Simpson huko Iowa kusomea uchoraji. Mwalimu wake wa sanaa, Etta Budd, aliona vile anavyoijua mimea akamsukuma aende chuo cha kilimo cha Iowa. Aliingia 1891, mwanafunzi wa kwanza Mweusi pale. Shahada ya kwanza akapata 1894, uzamili 1896. Alikuwa mtaalamu wa kuvu wa mimea, na walimu wake walimheshimu.

Angeweza kubaki pale asome hadi uzamifu. Lakini mwaka huohuo wa 1896, Booker T. Washington alimwita Tuskegee, Alabama, shule ya Weusi iliyokuwa haina hata maabara. Alikubali. Yeye na wanafunzi wake waliokota chupa na mabati jalalani wakatengeneza vifaa vyao.

Huko nje ya shule hali ilikuwa mbaya. Wakulima Weusi walikuwa huru kwa jina tu. Walilima mashamba ya wenyewe, wanagawana mavuno na mwenye shamba, na kila mwaka ni pamba, pamba, pamba. Mchanga ulikuwa umechoka kabisa. Mbolea ya duka ilitaka pesa, na wao walikuwa na madeni tu.

Sasa ona sayansi ilivyokuwa. Miaka michache tu kabla ya hapo, Mjerumani Hellriegel alikuwa ameonyesha kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni kutoka hewani kupitia vinundu vya mizizi yake. Mwaka wa 1888 Mholanzi Beijerinck akawatenga bakteria wanaoishi ndani ya vinundu hivyo. Hewa tunayovuta ni asilimia 78 nitrojeni, lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia. Bakteria wanaweza. Mmea unawapa sukari, wao wanaupa nitrojeni. Ni biashara ya haki.

Carver aliuchukua ujuzi huo akaupeleka kijijini. Aliwaambia wakulima wapumzishe pamba, wapande kunde, njugu na viazi vitamu. Mwaka wa 1903 alitoa kijitabu kuhusu kunde, na 1905 kingine kuhusu kufufua mchanga uliochoka, kwa lugha ambayo mkulima angeielewa. Kwa wasiosoma, mwaka wa 1906 walianza kutumia gari la kukokotwa na wanyama, lililojaa mbegu na vifaa, likizunguka shamba hadi shamba.

Na kunde yenyewe asili yake ni Afrika. Ilivuka bahari na meli za watumwa. Yaani mtoto wa mtumwa alitumia mmea wa kwao kuponya mchanga ambao utumwa wa pamba uliuchosha.

Umaarufu ulimfikia baadaye. Mwaka wa 1916 alichapisha njia 105 za kupika njugu, na 1921 akaitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Alipewa dakika 10, wakaishia kumwongezea muda. Mwaka wa 1928 chuo cha Simpson kilimpa udaktari wa heshima. Uzamifu wa darasani hakuwahi kuupata. Majirani wa Diamond walikuwa wamemwita daktari miaka mingi kabla. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee, kando ya Booker T. Washington.

Msinisome vibaya, sisemi uzamifu ni bure. Bila Hellriegel na Beijerinck, Carver angekuwa anabahatisha. Lakini bila Carver, ugunduzi wao ungebaki Ulaya kwenye majarida huku mkulima wa Alabama akilala njaa.

Hiyo ndiyo shida yetu. Chuo Kikuu cha Nairobi, pale Kabete, kilibuni poda ya bakteria hawa ya kupaka mbegu, inaitwa Biofix. Inasaidia hasa soya, maana bakteria wake mara nyingi hawako kwenye mchanga wetu. Kunde kwa kawaida hukuta wake wanaingoja. Lakini uliza mkulima wa Mboghoni anayepanda kunde katikati ya mahindi kama kuna mtu amewahi kumwonyesha kinachoendelea kwenye mizizi.

Mwonyeshe wewe. Kunde ikianza maua, chimba mche mmoja polepole na upasue kinundu. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wako kazini. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi. Na ukishavuna, mabaki yaache shambani, usiyachome.

Na kama uko chuo unaandika tasnifu kuhusu mizizi na bakteria, ongeza kurasa mbili za Kiswahili ambazo nyanyako anaweza kusomewa. Kisha panda matatu uzipeleke mwenyewe.